Asiyefika Hakai

Njia iendayo Mbeleni sitaieleza, maana kila aliyewahi kunisimulia safari alinichosha kabla hajafika. Itoshe kusema kwamba mimi, Shemdoe, seremala wa Pongwe, mwenye miaka hamsini na minane na goti moja zima, niliitwa huko kutengeneza viti. Barua ya wito ilisema viti elfu kumi na moja vimeanza kuliwa na wadudu, na mafundi wa nchi wameshindwa kujua sababu. Sababu mimi niliijua nikiwa bado kibarazani kwangu. Kiti kisichokaliwa hakisogezwi, hakianikwi juani, hakigongwi wala hakilalamikiwi. Mdudu akishaingia hana wa kumsumbua. Lakini nilinyamaza. Fundi anayetaja ugonjwa kabla ya kuitwa hulala na njaa.

Nilipokewa na Bwana Mwendapole, Mpimaji Mkuu wa Upeo, mtu mrefu mwenye kope zinazopigapiga kama anaingiwa na mchanga. Alinipeleka moja kwa moja kwenye Ukumbi wa Viti. Juu ya mlango yameandikwa kwa herufi kubwa: NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO. Nikamwuliza kama wanazo na methali nyingine. Akasema zile za subira zilifutwa na Bunge miaka mingi iliyopita, na aliyebakiwa nazo kichwani anaombwa asizitumie mbele ya watoto.

Ndani, lo! Viti safu kwa safu, vya mninga na vya mvule, kila kimoja kina jina limechongwa mgongoni. Daktari Subira. Injinia Mbwana. Rubani Tunu. Vumbi la mbao limemwagika chini ya kila mguu.

"Wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Wamesimama," akajibu Bwana Mwendapole.

Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo sheria. Mtoto wa Mbeleni akitimiza miaka kumi na mitatu, wazazi huamua atakuwa nani akifika thelathini, naye huchongewa kiti cha huyo mtu. Tangu siku hiyo hakai tena. Shuleni anasimama, nyumbani anasimama, msibani anasimama. Sheria yenyewe ni fupi, ina maneno mawili tu: asiyefika hakai.

"Hata akila?"

"Hasa akila, Fundi. Mtu akila amekaa huridhika, na akiridhika amekwisha."

Siku ya mapumziko nikaona kwa macho yangu kile ambacho ningehadithiwa ningekataa. Familia zilikuja ukumbini zimevaa vizuri, na matambara ya kufutia vumbi. Kila mama alipofika mbele ya kiti cha mwanawe aliinama na kusema, "Shikamoo, Daktari." "Shikamoo, Rubani." Kisha akaweka sahani ya pilau kwenye kiti, kipande kizuri cha nyama juu, na mtoto mwenyewe kasimama nyuma anameza mate. Mama akiamkia mti! Nimechonga viti miaka arobaini, sijawahi kuona kimoja kikiitikia marahaba. Nilitaka kusema, nikajing'ata ulimi. Sikuizoea kazi hiyo ya kujing'ata ulimi, na hadi leo una alama.

Nchini humo kuna Askari wa Wakati. Nilimkuta mmoja njiani amewasimamisha wasichana wawili waliokuwa wanacheka hadi wameshikana mabega.

"Kicheko hiki kitawafaa nini mkiwa na miaka thelathini?"

"Afande, tumemwona mbuzi kavaa kofia," akasema mmoja.

"Mbuzi huyo yumo katika mipango yenu?"

"Hayumo, Afande."

"Basi futeni."

Wakafuta nyuso zao kwa viganja, kicheko kikatoka. Mimi nikaangua changu cha nguvu, maana yule mbuzi kweli alikuwa amevaa kofia, tena ya kiua, iliyotariziwa, na aliivaa vizuri kuliko wazee wengi ninaowajua. Askari akanitazama mvi, akaona nimeshapita thelathini, akaniacha. Huko mzee kucheka ni ruhusa, kwa kuwa hakuna anayemtarajia kitu.

Nilipangishiwa chumba kwa Bi Somoe, mjane anayekaanga vitumbua na kuwauzia makarani. Ana mtoto mmoja tu, Kidawa, wa miaka kumi na sita. Kiti cha Kidawa kilikuwa safu ya nne, kimechongwa Hakimu Kidawa, na mama yake hakumwita kwa jina jingine. "Hakimu, kachote maji." "Hakimu, umeunguza vitumbua." Ukutani kwao, kama ilivyo kwenye kila nyumba yenye kijana, kilifungwa kisanduku cha bati chenye king'ora. Kila nusu saa kilipiga kelele ya kumwamsha maiti, kisha sauti ya mwanamume ikasema: "Kidawa binti Somoe, zimebaki siku elfu tano mia moja na nne. Na unazipoteza."

Kikilia, mtoto yule aliruka. Siku ya kwanza niliruka naye. Siku ya tatu mimi nilikuwa nimezoea, yeye bado anaruka, na kijiko kimemdondoka. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, vidole vimetafunwa kucha hadi nyama. Lakini adabu anayo. "Shikamoo, mjomba," kila asubuhi, amesimama wima pembeni ya kinu kama mlinzi wa benki.

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi utafanya nini?" Nilimwuliza kwa kupitisha muda tu, kama mtu anavyouliza habari za mvua.

"Jumamosi ipi, mjomba?"

"Hii inayokuja."

"Sijui kama inakuja."

Nikaweka chini kikombe. Nikamwambia Jumamosi hazijawahi kukosa kuja, hata mwaka ule wa nzige zilikuja. Akatabasamu kidogo, akatazama kile kisanduku, akasema kwa sauti ya chini:

"Zamani nilikuwa naziona. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilijua nitafuga kuku, nikajua na watakaa wapi. Nilijua nitakwenda kwa bibi mahindi yakikomaa. Nilijua nikiwa mkubwa nitakuwa na duka lenye feni. Sasa nikifumba macho nitazame mbele, naona ukuta huu na kitu hicho juu yake. Mjomba, wewe ukikimbizwa na mbwa, unafikiria shamba utakalolima mwakani?"

King'ora kikalia, akaruka.

Mama yake ndiye aliyenieleza kinachowangoja, huku anageuza vitumbua na kufuta macho, akisingizia moshi. Kila mwaka kijana hupimwa upeo, yaani anaona umbali gani mbele yake. Hutandazwa kamba ndefu sakafuni yenye mafundo: fundo la saa moja ijayo, la jioni, la kesho, la wiki, la mwezi, la mwaka, la miaka mitano, la miaka kumi. Kijana hutembea juu ya kamba, na kwenye kila fundo husema anaona nini. Akinyamaza, hapo ndipo upeo wake ulipoishia, na jina lake huandikwa. Mwaka wa kwanza Kidawa alifika kwenye mwaka. Mara ya pili aliishia kwenye mwezi, ya tatu kwenye wiki. Ijumaa hii ilikuwa mara ya nne, na kuanzia mara ya nne huwa ni ya hukumu: asiyeona kitu kwenye fundo la kesho hukatwa.

"Hukatwa nini?" nikauliza, mkono wangu umekwenda wenyewe shingoni.

"Mbele yake, Fundi. Hukatwa mbele yake. Kiti kinavunjwa kuni. Shule basi. Kazi ya maana basi. Na ni marufuku mtu yeyote kumtajia kesho, wala Jumamosi, wala mwezi ujao. Hata 'tutaonana' haruhusiwi kuambiwa. Anayemtajia hufukuzwa nchini na godoro lake."

Aliyekatwa nilishamwona, kumbe, bila kujua. Sokoni kulikuwa na kijana muuza mkaa, kakaa juu ya gunia anapiga mluzi. Katika mji mzima ndiye kijana peke yake niliyemwona amekaa. Nilidhani ni kichaa; asiye na pa kufika hakatazwi kukaa.

Jumatano nilialikwa kwenye Baraza la Upeo, kwa heshima ya ugeni. Hoja ilikuwa moja. Bwana Mwendapole alisimama na karatasi zake, kope zinapigapiga, akaeleza kwamba mambo si mazuri. Watoto wa miaka kumi na mitatu, wakija kupimwa mara ya kwanza, wengi huvuka mwaka na wengine hufika miaka kumi. Wa kumi na nne huishia kwenye mwezi. Wa kumi na sita, wiki. Wa kumi na wanane wengi huponea kwenye kesho. "Waheshimiwa," akasema, "tunawatayarisha kwa ajili ya mbele, na kila tukiwatayarisha wanaiona kwa uchache zaidi."

Akainuka Mkuu wa Ving'ora, mtu mnene mwenye sauti ileile ya kisandukuni. Ndiye mwenyewe. Ilinishtua kuisikia ikitoka kwenye mdomo wenye meno.

"Mimi sababu naijua. Hawasikii! Kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Tulipofunga king'ora cha kila saa, upeo ulipungua. Tukaongeza, kikawa cha kila nusu saa, ukapungua zaidi. Hii inaonyesha wazi kwamba nusu saa haitoshi. Napendekeza robo saa."

Makofi yakapigwa. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mtu anacheka. Hakuna.

Mwanamke mmoja mzee, mwalimu mstaafu, akaomba kusema. Alisema amefundisha miaka thelathini, na siku zote aliona kwamba mtoto aliyeogopa hakumbuki hata jina la baba yake, sembuse kuona miaka kumi mbele. Akasema ipo siku radi ilipiga shuleni, na wiki nzima darasa lake halikuweza...

"Uliona lini hayo?" Mkuu wa Ving'ora akamkatiza.

"Zamani kidogo."

"Zamani si mbele. Kwa kanuni zetu Baraza hili halijadili yaliyopita."

Mwalimu akaketi. Hapo ndipo ulimi wangu ulipochomoka. Nikanyoosha mkono.

"Mimi mgeni, mnisamehe. Mmewahi kujaribu kuzima?"

"Kuzima nini?"

"King'ora."

Ebo! Walicheka hao watu, walicheka hadi mmoja akavua miwani kuifuta. Mkuu wa Ving'ora akaniuliza kwa upole, kama anamwuliza mtoto, "Fundi, ng'ombe wako asipotembea, unaondoa fimbo?"

"Akiwa ameanguka, ndiyo."

Kicheko kikakatika. Katibu akaandika jambo kwenye daftari, na baadaye nikaambiwa aliandika kwamba mgeni ana hasira. Ni kweli ninazo. Robo saa ikapita kwa kura zote isipokuwa moja, na Alhamisi mafundi wao wakazunguka nyumba hadi nyumba. Usiku wa kuamkia kipimo, Kidawa hakufumba jicho.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Bi Somoe alikaa mstari wa mbele, kavaa kanga mpya. Kiti cha Hakimu Kidawa kililetwa na kuwekwa mwisho wa kamba, kule kwenye miaka kumi, na mimi nikaambiwa nisimame kando yake. Kisha nikapewa shoka.

"La nini hili?"

"Ikibidi," akasema Bwana Mwendapole bila kunitazama. "Wewe ndiye fundi."

Damu ilinipanda kichwani. Ningemrushia, wallahi, kama si yule mtoto aliyekuwa anaingia. Alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Akakanyaga kamba.

"Fundo la kwanza. Saa moja kutoka sasa. Unaona nini?"

"Naona king'ora."

Watu wakanong'ona. Bwana Mwendapole akaandika. "Endelea. Fundo la jioni."

Akapiga hatua. "Naona king'ora."

"Kingine? Tazama vizuri, binti. Tulia uone."

"Kinalia, na baada ya hicho kinalia kingine."

"Sogea. Fundo la kesho. Kesho unaona nini?"

Kidawa akasimama juu ya fundo la kesho. Niliona midomo yake ikisogea. Mama yake naye midomo ilikuwa inasogea, anamfundisha kimoyomoyo: mahakama, mwanangu, sema mahakama, sema joho. Mtoto hakuona. Alikodoa macho mbele, mahali kiti kilipokuwa, na nina hakika hakukiona kiti wala mimi wala shoka.

"Sema!" Mkuu wa Ving'ora akapaza sauti kutoka nyuma. "Msaidieni!" Wakamsaidia. Walipiga king'ora cha ukumbini, kikubwa kuliko vyote, karibu na sikio lake, ili aone kesho.

Kidawa akajikunja, akaziba masikio, akachuchumaa juu ya kamba.

Bwana Mwendapole akangoja kidogo. Halafu akaandika, na kope zake kwa mara ya kwanza zikatulia. "Amekatika," akasema.

Bi Somoe hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda kumwinua mwanawe, akamfunga kanga mabegani. Wakati huo wote macho ya watu yalikuwa kwangu na kwenye shoka. Nikakipindua kiti, nikagonga mguu wa nyuma kwa kidole. Ulitoa mlio wa boga kavu, umeliwa wote ndani.

"Sivunji kitu kibovu," nikasema kwa sauti. "Ni aibu ya ufundi. Kwanza nikitengeneze, kiwe kiti, halafu ndiyo nivunje kiti. Mkitaka haraka, chukueni shoka mvunje wenyewe, mimi narudi Pongwe na viti elfu kumi na moja viliwe hadi unga."

Wakashauriana. Kwenye kanuni zao hapakuwa na kifungu cha seremala mbishi. Nikakibeba kiti kichwani, nikawafuata nyumbani. Mlangoni Bwana Mwendapole alinifikia, anahema.

"Fundi, usinifikirie vibaya. Na mimi nina bosi."

"Na wewe mwakani unaona nini?" nikamwuliza.

"Mwakani?" Akatazama pembeni. "Mimi sijui hata kama nitauvuka ukaguzi wa Jumatatu."

Nilikaribia kumhurumia, nikajizuia.

Jioni ileile mafundi wa ving'ora walikuja wakakifungua kisanduku ukutani. Mtu asiye na mbele hahesabiwi siku, kwa hiyo chombo kinapelekwa kwenye nyumba nyingine yenye kukihitaji. Yalibaki matundu manne ya skrubu. Bi Somoe aliyatazama matundu yale kama mtu anayetazama kaburi. Kidawa alikwenda kulala.

Alilala usiku ule, akalala mchana wake wote, akalala na usiku wa pili. Mara mbili mama yake alikwenda kumwekea kiganja puani. "Fundi, anapumua," ananiambia, kisha anarudi kukaa chini karibu na mlango. Mimi niko uani naranda mguu mpya. Nilitumia mti wa mkungu, si mzuri kama mninga lakini mdudu haupendi. Mara ya tatu Bi Somoe aliporudi alisimama mbele yangu.

"Miaka mitatu nimekiamkia kiti hicho," akasema. "Yeye amesimama hapo nyuma, mimi naamkia kiti. Niliona aibu, Fundi, ila niliona kila mtu anafanya. Hivi mimi nilikuwa na akili gani?"

"Ya watu wote," nikamwambia. "Ndiyo mbaya kuliko zote."

Siku ya tatu, jua limesimama utosini, Kidawa akatoka nje anapikicha macho. Akamwona mama yake jikoni.

"Shikamoo, mama."

Bi Somoe aligeuka na mwiko mkononi. Mdomo ulifunguka ukashindwa. "Marahaba, Kidawa," akasema mwishowe. "Marahaba, mwanangu."

Nikakigonga kiti mgongoni. "Njoo huku. Seremala hakijui kiti mpaka mtu akikalie. Nijaribie mguu."

Akanitazama mimi, akamtazama mama. Mama akageuza uso, akaanza kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja ya kukorogwa. Kidawa akakaa. Mwanzo ukingoni tu, kama kiti kina moto. Kisha kidogo kidogo akauachilia mgongo wake ukaegemea. Mguu haukulia. Nilijisifu kimoyomoyo, sitasema uongo. Bi Somoe akamletea wali na maharage, akamwekea sahani mapajani, na kipande kizuri cha nyama juu.

Akala. Mimi na mama yake tulikuwa tumeinamisha vichwa, masikio yanangojea kile kitu kilie. Hakikulia. Robo saa ikapita, tukasikia kuku wa jirani wanaparua. Uani akakatiza yule mbuzi wa kofia, anatembea kwa heshima zake zote kama anakwenda kuposa, na Kidawa akacheka, wali mdomoni, akapaliwa, akacheka tena. Alipomaliza akalamba vidole. Akatazama juu, mahali pasipo na kitu, akasema:

"Mama, kesho tutapika nini?"

Mfuniko ukamdondoka Bi Somoe.

Ukutani kwa nje, penye dirisha la kuuzia vitumbua, alikuwa amesimama Askari wa Wakati, yuleyule, kitumbua mkononi. Alikuwa amesikia. Akakishusha kitumbua, akatoa daftari lake mfukoni, akangoja. Sheria sote tuliijua.

Bi Somoe alimtazama askari. Akaitazama nyumba, ile aliyoijenga marehemu mumewe, na kile kikaango cha vitumbua kinachowalisha. Kisha akamtazama mtoto aliyekaa, anayengojea jibu kama watoto wote duniani wanavyolingojea.

"Kesho," akasema, na sauti yake ilifika barabarani, "kesho tutapika mbaazi za nazi."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa ndizi."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi tunakwenda kwa bibi yako. Utarudi na mitetea miwili. Mwezi ujao itataga. Mwakani utakuwa na kuku ishirini, na banda lao litakuwa pale, karibu na mpapai, kama ulivyosema zamani."

"Nilisema?"

"Ulisema, mwanangu. Mimi nilikuwa naongea na kiti."

Askari aliandika yote, mpaka kuku ishirini. Mkono wake ulikuwa mzito kidogo, lakini aliandika. Alipoondoka aliacha kitumbua nusu dirishani.

Tulitolewa Mbeleni asubuhi iliyofuata, watu watatu, magodoro matatu na kiti kimoja. Mimi waliniongeza kwa kosa la kutengeneza. Pale mpakani hakuna anayekuaga, maana kuaga ni kutaja siku nyingine. Mbaazi zile Bi Somoe alizifunga kwenye kanga zikiwa mbichi, akasema zitapikwa popote zitakapofika.

Kidawa alikibeba kiti mwenyewe, kichwani, alikataa katakata kusaidiwa. Jua lilipokuwa kali aliniita kwa nyuma.

"Mjomba, tumefika?"

"Bado, mwanangu. Bado sana."

"Basi nakaa kidogo," akasema, akakishusha kiti katikati ya njia, akakaa.